Kaseti Ndani ya Pindo la Sketi

Juzi shemeji yangu alifika kutoka Bukavu akamletea binti yangu mashine ya mchezo, ile ya kushika kwa mikono miwili, nyeusi, nyembamba kama sahani ya bati. Tuliiwasha ikawaka vizuri, lakini ndani hamkuwa na mchezo hata mmoja. Nikaibeba mpaka kwa mwenye duka la simu karibu na soko la Kasongo, nikamwomba kaseti.

Akacheka kwa heshima. "Mama, hii haiko na kaseti. Michezo inashushwa tu na mtandao. Unatia mega, unangoja."

Niliigeuza mara tatu nikitafuta tundu mgongoni, pembeni, chini. Hapakuwa na tundu.

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kushika?"

"Hakuna, mama. Hata mwizi hawezi kukuibia mchezo."

Alisema hivyo kama mtu anayenipa habari njema. Nikakaa kwenye kigoda chake bila kuombwa, maana goti langu la kulia lilikuwa limeanza kutetemeka. Hakujua sababu, na binti yangu hakujua. Nakueleza wewe, kwa kuwa tumejuana siku nyingi na hutanikatiza.

Mimi nilikulia Kabambare. Papa alikuwa Salamabila akichimba dhahabu, mama akiwapikia wachimbaji ugali wa bukari, nasi wawili, mimi na yaya, yaani dada yangu mkubwa, tuliachwa kwa koko, mama yake papa. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, na mbele yake uwanja alioufagia kila asubuhi kabla ya jua. Nikifumba macho sasa hivi nasikia mchi wake ukitwanga sombe, majani ya muhogo, du, du, du, na nasikia harufu ya mawese yakichemka. Muhogo ulianikwa juu ya paa, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Kazi ya yaya ilikuwa maji. Kisima kilikuwa chini ya mteremko, na wakati wa mvua alirudi na matope mpaka kiunoni, amekasirika, akitafuta mtu wa kupiga.

Usifikiri ulikuwa utoto wa upole. Mwalimu wetu alitupiga na kipande cha mpira wa gurudumu la pikipiki. Koko alitupiga na mwiko, ukiwa bado na moto wa chungu. Na sisi kwa sisi tulipigana kila siku iliyoletwa na Mungu. Yaya alinizidi miaka miwili na alikuwa na ngumi ngumu. Mimi nilikuwa na meno. Mpaka leo begani ana alama yangu, duara zima, juu na chini. Koko alikuwa akisema, "Mimi nitazikwa na kelele zenu," kisha anarudi kwenye kinu chake.

Basi, katika nyumba ya namna hiyo, papa akaleta mashine ya mchezo. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa amechoka nayo akampa. Ilikuwa ya kijivu, nzito, na kioo chake kilikuwa na mkwaruzo, na ilikuja na kaseti mbili. Kila kaseti ilikuwa ndogo kama biskuti, unaisukuma kwenye tundu mgongoni mwa mashine mpaka ilie ta! Moja ilikuwa ya mpira. Ya pili ilikuwa ya wapiganaji: mtu wa mshipi mwekundu na mtu mnene, wanapigana mpaka mmoja aanguke, na akianguka, mashine inapiga wimbo. Tukaupenda mchezo huo kuliko chakula.

Ya mpira haikumaliza mwezi. Tulikuwa tukiivutana, yaya akanisukuma, nikaangukia juu yake ikapasuka. Ikabaki moja.

Hapo ndipo jirani alipoingia katikati yetu. Alikuwa fundi wa redio, mgane, Mwislamu wa ukoo wa Kasongo aliyekuja Kabambare kwa ajili ya kazi, na kofia yake ilikuwa nyeupe hata katika siku za vumbi. Juu ya paa lake palikuwa na bamba la jua, na mji mzima ulileta kwake simu na betri kuchajiwa. Mbele ya karakana yake redio tano ziliongea kwa pamoja kutwa nzima. Alikuwa na vidole virefu, vyepesi. Kaseti ikikataa, aliipuliza, akaipangusa na kitambaa chenye pombe kali, akairudisha ikafanya kazi. Akatuwekea sheria: mashine inakaa kwake, kaseti inakaa kwa mmoja wetu, juma kwa juma. "Mwenye kaseti bila mashine hana kitu," alisema. "Na mwenye mashine bila kaseti hana kitu. Sasa mutasikilizana kwa nguvu."

Tulisikilizana kidogo. Kisha ikaja zamu ya yaya nami sikutaka kuiachia.

Ilikuwa siku ya soko. Asubuhi nilichukua sindano ya koko, nikakaa nyuma ya nyumba, nikalifumua pindo la sketi yangu ya shule, nikaingiza kaseti ndani, nikalishona. Ilikaa hapo, juu kidogo ya goti la kulia, na nilipotembea ilinigonga. Jirani alipita na ndoo yake. "Fundi wa nguo umetoka wapi?" akanitania. Nikacheka, nikafunika kwa kiganja.

Yaya aliporudi kisimani akaitaka kaseti yake. Nikamwambia sina. Akanitikisa, akanipekua mifuko, akanivuta nywele mpaka ngozi ikaja juu. Kwa kutaka tu aniachie, nikamwambia, "Jirani iko nayo! Alichukua mwenyewe!"

Akaniachia. Akanifuta machozi kwa nguvu, akaelekea kwa jirani. Nami nikamfuata, maana nilijua uongo wangu utakufa mlangoni pake.

Hatukufika kuuliza. Risasi zililia upande wa soko. Kwanza moja moja, kisha nyingi, kisha watu wakaanza kukimbia na vikapu vichwani, halafu bila vikapu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga alianguka barabarani mbele yetu na karanga zake zikaviringika, naye hakuziokota. Jirani akatushika mikono, akatusukuma ndani ya karakana, chini ya meza ya kazi. Koko akaja akikimbia na mchi mkononi akitutafuta, naye akavutwa ndani.

Wenye bunduki walioingia walikuwa sita. Nguo zao zilikuwa za kijeshi juu na za raia chini, na mmoja, waliyemwita komanda, alinuka pombe ya muhogo. Walitutoa uani. Wakabeba redio zote, na zilikuwa bado zinaongea walipozitia kwenye gunia. Wakamvua koko kitenge. Alipoinua mchi, mmoja akampiga na kitako cha bunduki kifuani, na koko akakaa chini polepole, kama mtu anayekaa kupumzika.

Komanda akaiona mashine yetu juu ya meza. Uso wake ukabadilika, akawa kama mtoto. Akaiwasha. Kioo kikawa cheupe, kitupu. Akaigeuza, akaona tundu.

"Kaseti yake iko wapi?"

Akamshika yaya shingoni, akamwinua mpaka vidole vya miguu.

"Weye, mutoto. Kaseti iko wapi?"

Naye yaya, aliyeamini neno langu, akanyosha mkono. "Jirani iko nayo."

Nilisikia kaseti ikigonga goti langu. Si kwamba nilitembea. Ni goti lililokuwa likitetemeka. Jirani alimtazama yaya, halafu akanitazama mimi. Alitazama chini, kwenye pindo la sketi, mara moja tu. Kisha akamgeukia komanda.

"Iko nami, ndiyo. Lakini ilipotea."

"Unacheza na miye?"

"Ilipotea, komanda. Sijue iliangukia wapi."

Wakamlaza kifudifudi. Palikuwa na jiwe ambalo alilitumia kunyoshea mabati, na nyundo yake ilikuwa hapo hapo. Mkono wa kulia ukawekwa juu ya jiwe. Kila mara komanda aliuliza neno moja, "Wapi?" na kila mara jirani alijibu, "Sijue." Sitakuhesabia. Nakuambia tu kwamba sauti ile nilikuwa naijua, ni sauti ya mchi wa koko kwenye kinu, na kwamba mtu akipigwa namna ile halii kama tunavyodhani. Alitoa pumzi, basi. Yaya alipiga kelele kwa niaba yake. Alipiga kelele, "Mupatie! Mupatie, jirani!" Na mimi, niliyeweza kuinama, kuchana uzi na kusema hii hapa, nilisimama nimefunga mdomo, mkojo ukinishuka miguuni, ukaloanisha pindo.

Kilichotuokoa si huruma. Risasi nyingine zilianza kwenye barabara ya Salamabila. Jeshi lilikuwa linakuja. Komanda akaitia mashine mfukoni, akamkanyaga jirani mgongoni alipopita, na mmoja wao akalitia moto paa la koko, muhogo wetu ukiwa juu yake.

Tulikwenda Kasongo kwa miguu, pamoja na mji mzima. Jirani alipakiwa nyuma ya baiskeli, mkono umefungwa na kipande cha kitenge, na vijana wakapokezana kuisukuma. Koko alitembea siku mbili. Siku ya tatu alisema kifua kinamuuma, akaomba maji, tukamzika kando ya njia, katika shamba la mpunga la watu tusiowajua. Yaya hakulia. Tangu uani hakuwa amesema neno, na chakula alichopewa na watu alikishika tu mkononi mpaka kikauke.

Kasongo, jirani alikatwa vidole vitatu hospitalini. Nilikwenda kumwona kwa ndugu zake, nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimechana uzi. Nikaiweka kaseti juu ya mkeka, mbele ya mguu wake, nikasema nilivyodanganya.

"Ninajua," akasema. "Nilikuona asubuhi ukishona."

"Juu ya nini hukusema?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ningesema, angekata hiyo sketi na weye ndani yake." Akaisukuma kaseti kwangu kwa mguu. "Mimi nimekwisha sikia. Sasa enda umwambie yaya yako. Ule mutoto anafikiri ni yeye aliniuza, na hakule tena. Enda leo."

Nilimkuta yaya nyuma ya nyumba tuliyopewa, anachambua mchele wa watu. Nilimwambia yote, tangu sindano mpaka uongo. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza. Kisha akaichukua kaseti mkononi mwangu, akaiweka juu ya jiwe la jikoni, akachukua mchi, akaitwanga. Aliitwanga mpaka ikawa vipande, na vipande mpaka vikawa unga, na bado akaendelea kulitwanga jiwe. Halafu akatupa mchi, akanijia mimi.

Sijapigwa vile kabla wala baada. Alinivunja jino. Alinigongesha kichwa ukutani, na kila ngumi aliita, "Koko! Koko! Koko!" Sikurudisha hata moja, na sikuuma, ingawa bega lake lilikuwa mdomoni mwangu. Watu walipotaka kututenganisha, jirani, aliyekuwa amenifuata polepole, mkono wake umefungwa kifuani, aliwazuia. "Muache," alisema. "Muache amalize." Akamaliza. Akakaa chini, akavuta sahani ya wali uliopoa, akala wote, akilia na kutafuna kwa pamoja, wali ukimwanguka kifuani.

Tangu siku hiyo mimi na yaya hatujapigana. Hata kugombana kwa mdomo, hapana. Baada ya vita aliolewa akarudi Kabambare, mimi nikabaki Kasongo. Kwenye uwanja wa koko sasa pamejengwa depo ya saruji. Karakana ya jirani haipo, hata jiwe lile haliko, nililitafuta. Jirani mwenyewe hakurudi kwenye redio. Aliuza mpunga sokoni kwa mkono wa kushoto, na kila nilipopita kwake alinitania juu ya nguo zangu, ameshona nani hii, akataka nicheke. Nilicheka kila mara. Hakuna tena mtu Kasongo anayenijua tangu utotoni.

Alifariki mwanzo wa mvua hii. Yaya alikuja kwa pikipiki, siku mbili za barabara mbaya, akashuka amevimba miguu, na tukaingia pamoja jikoni kwa wanawake, tukapepeta mpunga, tukakata vitunguu. Wanaume waliporudi makaburini tuliketi kwenye mikeka kula, na sisi wawili tukawekewa sahani moja. Palikuwa na kipande kimoja cha nyama ya mbuzi chenye mafuta, upande wake. Sijui nilifikiri nini. Nilinyosha mkono nikakinyakua mbele ya macho yake, kama zamani, nikakaza shavu nikingoja kofi.

Yaya alikitazama kile kipande mkononi mwangu. Akasogeza sahani yote upande wangu.

"Kula, mudogo wangu," akasema kwa upole, kama unavyosema na mgeni, akainuka kwenda kunawa.