Njia ya Kushukia Kisimani

Mwezi uliopita nilirudi bondeni kwetu na mjukuu wangu, na tangu siku hiyo kila akitaka nimhadithie mambo ya utotoni namwambia meno yananiuma. Meno hayaniumi. Nina haya tu.

Nikueleze, maana wewe ni mwenzangu. Siku hizi nakaa Malindi, Kisumu Ndogo, kwa binti yangu. Huko nyumba imeegemea nyumba, na mjukuu huyu kazaliwa na kukulia humo humo. Jioni tukichambua mchicha nilikuwa nikimsimulia bonde letu, huko ndani, nyuma ya Kilifi, ukishaiacha lami nyuma kabisa. Nikalisifia bonde, nikawasifia watu wake, mpaka nikapitiliza. Mwisho akasema, "Hawe, basi nipeleke." Hawe ndiyo bibi, kwetu sisi.

Bonde lile lilikuwa na njia moja. Ilianzia uani kwa baba yangu, juu kwenye mchanga mwekundu, ikashuka chini ya mikanju, ndiyo mikorosho, ikaingia katikati ya mihogo ya jirani, kisha ikatokea kisimani penye minazi ya mwitu tuiitayo mikoma. Kisima kilikuwa kwenye kipande cha baba yangu kule chini, lakini hatukukifikia bila kukanyaga shamba la jirani. Na jirani naye hakuwa na maji ila yale ya kwetu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa.

Asubuhi umande ulitulowesha mpaka magotini. Tetere walilia juu ya mikanju, na ukishuka ukaingia kivulini, ubaridi unakushika shingo ghafla, utadhani umeitwa. Msimu wa mafudu, yale matunda meusi ya porini, midomo yetu sote ilikuwa myeusi, hata mwalimu akituuliza ni nani aliyetunywesha wino. Kwa mwalimu mimi sikukaa sana. Nilijifunza kusoma na kuandika hivi unavyoona, kisha mama akajifungua mdogo wangu wa kiume, na mtoto akataka mlezi. Baada ya hapo kazi yangu ikawa maji na mtoto. Mtoto mgongoni, mtungi kichwani, na tawi la majani juu ya maji yasimwagike. Kushuka tulishuka tukiimba. Kupanda kila mtu alinyamaza na pumzi zake.

Nyanya yangu alikuwa na neno lake kila tukitoka na mitungi. "Tumbo la mpita njia halina mwenyewe, kikapu kina mwenyewe." Maana yake ukipita na njaa, ng'oa mhogo, keti hapo hapo ule, na kijiti chake ukirudishe udongoni kiote tena. Ukitia kikapuni, wewe ni mwizi, na utatajwa.

Ukaja mwaka mvua ilikataa. Kwetu juu mahindi yalikauka yakiwa urefu wa kidole. Kwa jirani udongo ulikuwa mweusi, unashika unyevu, na mihogo yake ilisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, wala si ndugu yetu hata kwa mbali. Angeweza kukaa mlangoni na fimbo, na watu wangemwelewa. Yeye aliwasha moto kando ya njia, akafukia mihogo majivuni, akatungoja. Tukijaribu kupita kwa adabu, macho chini, anatukemea. "Nyinyi wa huko juu, mnakimbizwa na nani? Ketini." Tuliketi. Tulikula mhogo wa moto na chumvi na kipande cha nazi, na moshi wake ukatukaa nguoni mpaka nyumbani. Mdogo wangu alikuwa hajaota meno ya kutosha, basi yule mama alimpondea kwa vidole vyake na kumlisha kabla ya wanawe. Hatua zake za kwanza mtoto yule alizipiga pale, kwenye ile njia, na kipande cha mhogo mkononi.

Sasa nisikilize. Mdogo wangu amekwisha kufa, na yule jirani pia. Mji wa baba yangu anao mwana wa huyo mdogo wangu. Ni kijana wa kazi, sina la kumsema. Alifanya kazi Watamu kwenye bustani za mahoteli, akarudi na maarifa, akatia pampu kisimani na kulima matikiti.

Tulishuka mimi na mjukuu, yeye mbele. Mikanju ipo. Mihogo ya jirani ipo, analima mkaza mwana wake, naye sasa ni mjane. Nilikuwa bado nasifia nilipomsikia mtoto anasema njia imeishia hapa. Nikatazama. Seng'enge, nguzo kwa nguzo, kutoka huku mpaka kule, na kisima kiko ndani.

Hasira zikanipanda. Nikamwona yule mkaza mwana ameinuka na jembe lake. Akanipa shikamoo, na mimi hata kuitikia sikuitikia vizuri. Nikamuuliza, kwa sauti bonde zima lisikie, ni nani huyu asiye na adabu, asiye na wazee, aliyefunga njia ya maji.

Akatazama chini. Akasema polepole, "Ni nyinyi, mama."

Kisha, kwa kuwa amelelewa, akauinua ule waya kwa mpini wa jembe ili nipite. "Pita, mama. Ni kwenu." Sikupita. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama usoni, na mimi sikuwa na pa kuuweka uso.

Ndipo akanieleza, bila lawama, kwamba maji wanayafuata bwawani, ng'ambo ya kilima, na kwamba watoto wanawahi kutoka ili wasichelewe shule.

Nilimkalisha mwana wa mdogo wangu jioni ile ile. Hakunijibu vibaya. Alisema, "Shangazi, nyinyi mlikula mkaenda zenu. Hawa wa sasa wanakuja na pikipiki na magunia." Wala hasemi uongo, nazi zetu zimeibwa mara nyingi. Nikamuuliza kama magunia hayo aliyabeba yule mjane. Nikamwambia baba yake alimeza mhogo wa nani kabla hajajua kusema. Hilo hakuwa amelisikia. Asubuhi alikata waya, akatia mlango wa mbao usio na kufuli.

Nikashuka mwenyewe kupeleka habari. Mkaza mwana akanipa kigoda, akashukuru, akasema wamesikia. Siku iliyofuata nikamwona anapita juu na watoto wake, mitungi mitupu mikononi, wanaelekea bwawani. Nikamwita nikamuuliza, kwani mlango hamkuuona?

"Tumeuona, mama. Lakini mkitufungulia leo na mwakani mkafunga tena, hawa watoto nitawaambia nini?"

Akawatanguliza watoto. Wakaenda.

Ukishuka bondeni leo hutaona kilichopungua. Mikoma iko pale pale, tetere wanalia, mafudu yanaanguka yenyewe na kuoza chini. Ukienda na mgeni atakwambia pazuri. Kilichoondoka ni kule mtu kupita kwa mwenziwe bila kufikiri, na hicho hakipandwi kwa kijiti.

Juzi nilimpigia simu mwana wa mdogo wangu, nikamuuliza kama ule mlango bado uko wazi. Akaniapia uko wazi. Nikamuuliza ni nani amepita. Nikasikia pampu inanguruma nyuma yake.

"Mbuzi, shangazi," akasema. "Mbuzi tu."