Mti wa Mpaka Kando ya Nyamwamba

Mto Nyamwamba ulipofurika na kupita katikati ya makaburi, ulibeba la baba yetu pamoja na mengine. Mimi nilisali, nikashukuru kwamba nyumbani kwetu hakufa mtu, nikaona yamekwisha. Dada yangu hakuona hivyo. Yeye ni mkubwa kwangu, tunaishi jirani huku Bwera, na tangu mafuriko yale alikuwa akiniuliza swali lilelile: "Sasa baba yuko wapi?"

Nilimjibu kama nilivyowajibu waumini miaka yote niliyokuwa katekista, kwamba yuko mikononi mwa Mungu.

"Hilo najua," alisema. "Nauliza mahali."

Ndiyo maana, tuliposikia kwamba Kasese wamejenga mnara kando ya mto kuwakumbuka watu wa kwanza waliokaa pale kabla mji haujawa mji, aliniambia twende. Baba alikuwa mmoja wao. Alishuka kutoka kwetu milimani, Mahango, akiwa kijana, akawa anawapikia uji wachimba madini. Asubuhi ya safari dada alikata kipande cha ule mti wa majani marefu ambao kwetu huchomekwa kwenye kichwa cha kaburi, akakiweka kikapuni na kukifunika kwa kitambaa.

Tulifika jua likiwa kali, nami magoti yalikuwa yamechoka tayari. Juu ya mnara, ambao haukuzidi kimo cha kifua, palikuwa na mwanamume wa saruji aliyeshika sururu. Alitazama mto, na mto siku hiyo ulikuwa na maji machache tu, yakipita polepole kati ya mawe makubwa ambayo uliyaleta wenyewe. Dada haoni vizuri. Alipapasa miguu ya sanamu.

"Huyu amevaa buti."

"Ndiyo, dada."

"Baba alikuwa na buti lini?"

"Ni sanamu ya wote."

"Basi wote walikuwa na vidole," alisema, akatoa kile kipande cha mti.

Mlinzi wa mnara aliinuka kwenye kiti chake. Hakuwa mtu wa milimani kama sisi, kwa hiyo tulizungumza naye Kiswahili.

"Mama! Huo mti naujua. Hata kwetu ndio wa mpaka. Nani amewatuma kupima hapa?"

Sikumlaumu. Mti ule ule tunaouweka makaburini ndio tunaoupanda kati ya shamba na shamba, na ndugu wengi wamefikishana mahakamani kwa sababu uling'olewa ukasogezwa.

"Afande, hatutaki kiwanja," nilimwambia. "Tunamwekea baba yetu alama."

"Mzee, leo ni alama ya baba. Kesho wanakuja wajukuu, wanasema kutoka hapa mpaka mtoni ni ya babu. Nani ataulizwa? Si mimi?"

"Wajukuu wangu hata kunisalimia hawaji," dada alisema. "Watakuja kudai mawe?"

Mlinzi alicheka, lakini hakutoka mbele ya mnara.

Nilikuwa nimechoka kweli. Nikamwambia dada tumeona, tumshukuru Mungu, turudi nyumbani.

"Wewe umezoea kuzika watu," alisema. "Mimi nilizika baba mmoja."

Akaanza kuteremka kuelekea kwenye mawe. Nilimfuata, nikamshika mkono. Chini ya jiwe moja, mahali maji yalipokuwa yameacha udongo laini, alichota kwa viganja na kujaza kitambaa chake.

"Huo chukueni tu, mama!" mlinzi alipaza sauti kutoka juu. "Mto unaleta mwingine kila siku."

Jioni, nyuma ya jiko lake Bwera, dada alichimba shimo dogo, akamwaga ule udongo na kuchomeka kile kipande cha mti. Aliniomba nisali. Sikujua kama kuna sala ya udongo, nikasema ile ya wafu, nimeketi kwenye kigoda kwa sababu miguu ilikataa. Niliposema amina, alikuwa bado anashindilia kwa kiganja.

"Hapa," alisema.

Kisha akainuka taratibu, akaenda kubandika chai.