Bashi Yangu Juu ya Waya wa Nzilo

Bashi ile ilikuwa yangu. Leo nasema wazi, maana siku ile nilikaa kimya mpaka nikajionea aibu mwenyewe.

Nauza samaki wakavu kando ya barabara ya Mutoshi, na bashi ndiyo lile turubai la buluu lililokuwa likinikinga jua. Mume wangu ni fundi wa nyaya kubwa zinazoleta umeme kutoka bwawa la Nzilo, na alikuwa ameniambia mara kumi, "Mama, funga na kamba." Mimi nikafunga na vipande vya chandarua cha mbu kilichochakaa. Kichwa kigumu nimekirithi kwa baba yangu, aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Asubuhi moja upepo wa mwisho wa kiangazi ukainyakua bashi na kwenda kuitundika kwenye waya wenyewe, juu kabisa. Wenzangu sokoni wakapiga kelele. Mimi nikatazama samaki wangu.

Kitu kikikwama kule, umeme hukatwa, na mume wangu ndiye hupanda. Kwanza huvua pete ya ndoa, maana chuma kidoleni ni hatari. Zamani mafundi wote walimwachia mkubwa wao wa kazi pete zao, mpaka siku umeme uliporudi kabla ya wakati, mwenzao mmoja akiwa bado juu. Mjane wake alipewa pete kutoka mfukoni mwa mkubwa yule, kama chenji. Niliona kwa macho yangu. Tangu hapo pete ya mume wangu haikai mfukoni mwa mtu. Naivaa mimi kwenye dole gumba, na bukari, ugali wetu, siili mpaka ashuke.

Basi gari la mafundi likafika. Mume wangu akaja mezani kwangu, akavua pete, akanipa. Akatazama miti ya kibanda changu ikiwa uchi.

"Bashi yako iko wapi?"

"Nimeifua."

Kufua bashi, mimi! Akainua macho kwenye waya, akayarudisha kwangu.

"Ulifunga na nini?"

"Na bitambaa."

"Aka!" akasema, akaenda zake.

Nikaivaa pete kwenye dole gumba. Ikiwa mtu huyu ataanguka, nitakuwa nimemuua mimi, kwa ukaidi wa chandarua. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini hakupanda. Garini akashuka binti mmoja mwenye kofia ngumu na miwani myeusi, akasimamisha mashine yenye miguu mitatu, kubwa kama mbabula, jiko langu la makaa. Ni laser, wakatuambia, mwanga unaokusanywa mahali pamoja mpaka unachoma. Wakaturudisha nyuma, wakamwagia maji majani makavu yaliyokuwa chini ya waya. Nukta ya kijani ikatua juu ya bashi yangu.

"Tochi hiyo!" nikasema kwa sauti. Huo ndio mdomo wangu.

Bashi ikaanza kutoa moshi. Tundu likafunguka, likarefuka polepole, na waya haukuguswa. Ghafla upepo ukaurusha mkia wa bashi kuelekea waya wa jirani.

"Ngoja kwanza, mama," mume wangu akamwambia binti. "Upepo upumzike. Kisha anza kule kwenye fundo la bitambaa."

"Ndiyo, tata," akajibu, kama anamjibu baba yake.

Akangoja. Nilimpenda binti yule! Mkono umetulia, hana haraka, hana majivuno, anamsikiliza mzee aliyeijua kila nguzo kwa magoti yake. Upepo ulipolala akakata fundo, na bashi ikashuka yote kwenye majani yaliyolowa. Muda wote ule mashine ya kusagia mahindi ya jirani yangu haikunyamaza hata kidogo, maana umeme haukukatwa.

Mume wangu akaja na kitambaa cha buluu kilichoungua, akanyoosha mkono.

"Nipe pete yangu."

"Umepanda wapi weye, mpaka uvue pete?"

Akatazama kidole chake, akatazama nguzo. Alijua tangu asubuhi kwamba hatapanda, na bado mkono ulikuwa umevua wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikalia mbele ya wateja, nikamvisha pete kwa mkono wangu.

Saa sita nikasonga bukari. Tukala wote wawili kwenye sahani moja, na mkono wake ukaingia ukiwa na pete.