Mililita Mia Sita

Katika idara yetu ya kemia kuna watu wenye vyeo virefu kuliko korido, lakini mtu pekee ambaye akiugua siku mbili kazi zote husimama ni mwanamke anayeosha vyombo. Nasema anaosha vyombo kwa sababu ndivyo wakubwa wanavyomwona. Kwenye karatasi ni fundi mwandamizi wa maabara. Wanafunzi humwita Mama Chupa. Mimi ni sekretari wa idara, nina ulimi mkali na ninajijua, na kwa miaka mingi meza yangu imetazamana na mlango wake, kwa hiyo habari zake ninazo.

Mama Chupa huosha bika la kioo mara tatu, kisha huliinua kwenye mwanga wa taa. Kioo kikiwa safi, maji hutambaa juu yake bila kuacha tone. Tone moja likisimama, anaanza upya. Nimemwona akirudia chombo kimoja mara tano huku profesa mzima akimsubiri mlangoni, mkono kiunoni. Hakumwambia "samahani". Alimwambia, "Bado."

Mumewe alikuwa fundi wa vioo wa idara hiihii. Alikuwa na chumba mwisho wa korido, kidogo, hakina dirisha, na humo alikaa mbele ya moto wake akipinda mirija na kuunga chupa zilizovunjwa na wanafunzi. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, Mama Chupa alivua glavu, akaingia kwa mumewe, akachomeka birika la umeme. Likijizima, anasema, "Chai tayari," na mzee anazima moto. Hawakuwa waongeaji. Ukipita nje ulisikia vijiko tu. Wakafanya hivyo miaka kumi na tisa, mpaka asubuhi moja moyo wa mzee ukagoma, nyumbani, akiwa anafunga viatu aje kazini. Mtoto wao mmoja anaishi mbali, hupiga simu Jumapili.

Baada ya matanga idara ikakitamani kile chumba. Sakafu yake haitikisiki, hakipigwi na upepo, mlango unabana vizuri. Wakang'oa meko, wakapiga rafu, na chumba kikawa cha kuoteshea fuwele. Ufunguo akapewa Mama Chupa. Mlangoni pakabandikwa tangazo: MARUFUKU KULA AU KUNYWA HUMU. Tangazo hilo nililichapa mimi, nikaligongea na muhuri.

Naye akaendelea. Saa nne ikigonga, anaingia na birika, anafunga mlango. Nilijua, maana harufu ya majani ya chai haina siri. Nilinyamaza, na sitajipamba hapa kwamba nilimwonea huruma. Niliweka akiba. Nilisema siku moja mimi na yeye tukikorofishana, nitakuwa na neno la kumfunga mdomo.

Sasa, utafiti wenyewe. Chuo chetu na chuo kingine cha mbali tuliungana kuchunguza kampaundi za yale madini adimu yanayotiwa kwenye simu na kwenye taa. Sisi tunaotesha fuwele, wao wana mashine ya eksirei ya kuangalia atomi zimekaaje ndani yake. Kila Jumanne mchana tulikutana kwa video, nami nikaandika kumbukumbu za kikao. Aliyebeba mzigo upande wetu alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, binti mwembamba tuliyekuwa tunamwita Dokta Mtarajiwa. Yeye alitengeneza kampaundi ya metali iitwayo yuropiamu, akaiyeyusha kwenye spiriti iliyokaushwa maji yote, akamkabidhi Mama Chupa vichupa. Mama Chupa akaviacha wazi kwenye rafu kule chumbani. Siku ya tisa ndani ya kila kichupa mlikuwa na fuwele ndogo kama punje ya mchele. Ukiimulika kwa taa ya zambarau inawaka nyekundu, nyekundu ya kukufanya umwite mwenzako aje aone. Makala ikaandikwa, ikapelekwa kwenye jarida. Ndiyo iliyokuwa sura kubwa ya tasnifu ya binti.

Halafu wenzetu wakajaribu kuotesha za kwao, wakaambulia patupu. Fundi wao, jamaa mmoja mpole ambaye sisi tulimwita Ndevu, alionekana kwenye skrini ameshika tama.

"Nimefuata daftari lenu neno kwa neno," alisema. "Mara sita sasa. Napata vumbi jeupe tu."

Profesa wao akaongeza la pili, na hilo ndilo lililotutoa jasho. Eksirei ilionyesha kwamba ndani ya fuwele zetu kila atomi ya yuropiamu imeshikilia molekuli ya maji. Metali hizi, alivyotueleza, ni kubwa na zina nafasi nyingi pembeni. Nafasi ikibaki wazi hushika chochote kilicho karibu. Lakini daftari la binti lilisema kila kitu kilikaushwa.

"Maji haya yametoka wapi?" aliuliza. "Ama hukukausha, ama hukuandika ukweli. Mwisho wa mwezi ujao tukishindwa kuirudia kazi hii, tunaiondoa makala."

Dokta Mtarajiwa aliapa kwamba alikausha. Alikuwa amekausha kweli, lakini kuapa si ushahidi. Baada ya kikao nilimkuta kwenye ngazi, uso ameufunika kwa daftari lake. Makala ikiondolewa na tasnifu inakwenda nayo, na jina la mdanganyifu halifutiki kirahisi kwenye vyuo. Mama Chupa alipita akiwa na sinia la vichupa. Alisimama pale muda mrefu, kisha akaenda zake.

Kesho yake akaja ofisini kwangu. Haikuwa kawaida yake.

"Mwanangu," alisema, "mtu akivunja lile tangazo lako inakuwaje?"

"Lile la mlangoni? Barua ya onyo, Mama. Na ufunguo unarudi."

"Hata kama ni chai tu?"

"Tangazo halina 'tu'."

Nilijiona mjanja. Niliona hata raha kidogo, akiba yangu imepata kazi. Yeye akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akarudi kuosha. Nikiikumbuka ile shukrani yake natamani kujizaba kofi.

Jumanne akaingia kikaoni na kitu amekifunga kwa taulo. Akakiweka mezani katikati ya makaratasi, akakifungua. Birika.

"Hiki nini tena, Mama?" Profesa wetu akauliza.

"Maji yenu."

Akaeleza, bila kutia chumvi wala kujitetea. Kwamba huchemsha chai chumbani, mlango umefungwa, mvuke hauna pa kutokea. Kwamba siku ile aliposikia habari ya maji, alirudi akapapasa rafu baada ya chai, akakuta unyevu. Kwamba binti hana kosa.

"Kila siku unafanya hivyo?" Profesa akauliza.

"Kila siku ya kazi. Saa nne."

"Tangu lini?"

"Humo ndani? Miaka ishirini na mitatu."

Hakuna aliyecheka. Dokta Mtarajiwa alikuwa anamtazama Mama Chupa mdomo wazi, machozi yanamchuruzika. Barua ya onyo niliichapa siku ileile. Profesa akaitia kwenye droo, na hadi leo imo humo. Ila chai chumbani aliipiga marufuku kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo ungedhani mambo yameisha. Wenzetu wakatafuta chumba cha ukubwa uleule, wakaweka birika, wakangoja siku tisa. Jumanne ikafika, Ndevu akatokea na uso wake uleule.

"Safari hii kuna dalili," alisema. "Naona vipunje, lakini havikui. Nadhani mvuke hautoshi. Mama, unachemsha maji kiasi gani?"

"Ya chai."

"Ndiyo, ya chai. Sisi tuliweka ya kikombe kimoja, kile kikubwa, mililita mia tatu. Wewe je?"

Mama Chupa aliitazama mikono yake. Ina mabaka meupe ya sabuni na asidi, mikono ile.

"Viwili," akasema.

"Ahaa! Kumbe unakunywa viwili."

"Nakunywa kimoja."

Ndevu alikuwa ameinama anaandika, hakumwona usoni. Ndugu yangu yule hana ubaya, alitaka vipimo vyake vitimie. "Na cha pili anakunywa nani?"

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Nilikuwa nimeandika swali, nangoja jibu.

"Kinapoa," Mama Chupa alisema. "Nakimimina kikishapoa. Naweka kwenye meza, pale yalipokuwa meko. Kinakaa mpaka nimalize changu."

Ndevu aliinua kichwa. Kule kwao na huku kwetu palikuwa na watu saba, na wote tulielewa kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyejua pa kuyapeleka macho. Miaka minne mwanamke yule alikuwa akimchemshia maji mtu aliyekufa, hatua ishirini kutoka mezani kwangu, na mimi nilikuwa nikihesabu kosa.

Profesa alikohoa. "Andika," akaniambia taratibu. "Mililita mia sita."

Nikaandika. Kikombe kile kilichopoa hakimo kwenye kumbukumbu.

Walipoweka mia sita, fuwele ziliota. Ndevu alituonyesha kichupa chini ya taa ya zambarau, nyekundu tupu, akampungia Mama Chupa mkono na kusema, "Asante, Mama, asante sana," mara nyingi mno, kama anayeomba radhi. Makala ilibaki, na Dokta Mtarajiwa amekuwa Dokta kweli, ana kazi yake mji mwingine.

Birika sasa ni mali ya utafiti. Limefungiwa kwenye rafu, na karatasi juu yake: KIFAA CHA MAABARA. SI CHA CHAI. Hiyo pia nimeichapa mimi, nani mwingine. Ikifika saa nne Mama Chupa anapima mililita mia sita kwa silinda ya kioo, anamimina, anachomeka, anatoka, anafunga mlango ili mvuke usipungue. Vikombe viwili viko kabatini kwake, vimeoshwa mara tatu.

Kabla jarida halijapitisha makala, mkaguzi mmoja aliuliza kwa nini mia sita, si mia tano wala mia saba. Profesa alikaa na swali hilo siku nzima. Kisha akanisomea jibu nilichape: "Kiasi hiki kimetokana na mazoea ya muda mrefu ya maabara yetu." Mkaguzi akaridhika.

Siku ile nilipomaliza kuchapa, ilikuwa inakaribia saa nne. Nilichukua vikombe vyangu viwili na chupa yangu ya chai, nikapiga moyo konde, nikaenda mwisho wa korido. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia aje akae ofisini kwangu, kila siku akipenda, na kwamba lile neno la tangazo nililisema vibaya.

Nilimkuta amesimama nje ya mlango uliofungwa, glavu mkononi, sikio karibu na ubao. Ndani birika lilikuwa linanguruma. Hakunisikia. Nikasimama nyuma yake nikisubiri pamoja naye, chai yangu mkononi. Birika likalia tik, likajizima.

"Chai tayari," alisema, taratibu, akiuelekea mlango.

Hakuwa ananiambia mimi. Nikarudi ofisini na vikombe vyangu.