Sanduku Lisilolala Ndani

Klak, klak. Vishikizo viwili vya shaba vya sanduku vikifunguka, halafu pumzi ndefu ya dani, halafu harufu ya mafuta. Ndivyo asubuhi ilivyoanza kwetu Uriri, hata kabla ya chai.

Dani ni nyanya yangu, aliyenilea. Sanduku lilikuwa la baba mkwe wake, ambaye kazi yake vitani ilikuwa kuwashikilia askari huku daktari wa jeshi akiwakata miguu. Vita vilipoisha, daktari alimwachia vyombo vyake: msumeno wa mfupa, visu virefu, koleo za kutolea risasi, kila kimoja na kitanda chake cha mahameli. Dani alivipaka mafuta kimoja kimoja.

"Hiki ni cha nini, dani?"

"Cha kukata ulimi wa watoto wanaouliza kila siku."

Nami nilicheka kila siku. Nilipasua ndizi, nikazishona kwa uzi. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini kichwani nilishavaa sare nyeupe, nazunguka wodini, kila mgonjwa ananiita sista.

Jioni sanduku lilitoka. Chombo kilichokunywa damu ya watu hakilali chini ya paa moja na watu. Hiyo ndiyo miiko ya boma letu. Lililala kwenye dero, ghala letu la mahindi, na dani aliliaga kama jirani: "Oriti."

Dani alipozikwa, ndugu waligawana vitu vyake. Sufuria zikaenda, viti vikaenda, hata kuku aliyekuwa akilalia mayai. Sanduku halikuguswa. Baba mdogo, aliyetoka Homa Bay, alisimama mbali nalo.

"Hili nitalitupa kwenye shimo la dhahabu kule Macalder."

"Niachie mimi, baba."

"Wewe? Utampasua nani, daktari wa ndizi?"

Watu wakacheka, mimi pia. Kisha akaniangalia usoni. "Haya, kaa nalo. Lakini lisilale ndani. Umesikia, nyathina, mwanangu?"

Nilisikia. Wote wakaenda zao. Nikashika zamu ya dani: asubuhi ndani, jioni nje. Nilijiuliza maswali, nikajijibu kwa sauti yake. Kucheka peke yangu tu ndiko kulikonishinda.

Mvua zikaja. Mchwa walikuwa wamekula miguu ya dero, nalo likainama, paa likafunguka. Asubuhi moja nilifungua sanduku nikakuta maji kwenye mahameli na wekundu kwenye msumeno. Nilidhani ni damu. Ilikuwa kutu. Nilisugua mpaka chai ikapoa, nikijua kwamba vyombo vikiliwa vyote, sitakuwa na cha kufungua nikiamka.

Jioni mawingu yalitokea tena upande wa ziwa. Nilibeba sanduku mpaka mlangoni, nikasimama. Niliogopa, kweli. Halafu nikaingia nalo, nikaliweka kitandani upande aliokuwa akilala dani, nikalifunika shuka yake, nikafunga mlango.