Siku ya Kumi ya Bangi ya Marlys

Kitako cha bunduki kilimpata Orrin Stroud mdomoni saa tatu asubuhi, akiwa amesimama mlangoni pa ghala lake mwenyewe na kikombe cha kahawa mkononi. Meno mawili yalitoka. Moja alilitema, jingine alilimeza. Alipiga magoti, si kwa kuamriwa, bali kwa sababu mtu wa miaka sabini na miwili akipigwa pale miguu haimtii tena.

Walikuwa wawili, nyuso wamezifunika kwa kofia za sufu zilizotobolewa macho. Mmoja mnene, ana bunduki ya marisau. Mwingine mrefu mwembamba, bastola kiunoni, hasemi kitu. Kule getini walikuwa wamepiga honi mara mbili, kama watu wa mlimani wanavyopigiana tangu zamani, ndiyo maana Orrin alitoka na kahawa.

"Umemwaga kahawa yote, babu," mnene alisema. "Haya. Chupa za bangi ya mwaka jana ziko wapi?"

"Hakuna za mwaka jana."

"Hapa nyumbani kwa Stroud? Kaunti nzima wanasema una stoo nzima chini ya nyumba, chupa zimejaa mpaka kwenye mfuniko."

"Kaunti nzima hawajafika hapa miaka sita."

Mnene aliinama, akaushika mkono wa Orrin wa kushoto, akautandaza juu ya kizingiti. "Sina haraka. Ila wewe vidole vyako ni kumi tu."

"Ni tisa. Kimoja kilikwenda na msumeno."

"Basi ndiyo unajua maumivu yake." Akakivunja kidole cha mwisho kama mtu anayevunja karoti. Orrin aliunguruma, paji la uso likagonga ubao. Yule mwembamba aligeuka, akatazama misonobari.

Orrin hakuwa anadanganya. Mwaka uliotangulia hakuvuna. Marlys, mkewe, alikufa Februari, na bustani aliiacha magugu yaile. Bangi ile ilikuwa ya Marlys tangu mwanzo. Aliizalisha mwenyewe kwa miaka thelathini na moja, mbegu kwa mbegu, akichagua kwa pua, mpaka akapata mmea unaonukia ganda la limau na pilipili manga, na nyuma kabisa harufu ya udongo uliolowa. Hawakuipa jina. Waliiita ile yetu. Mbegu zilikaa kwenye kopo la biskuti, na majira ya baridi yaliyofuata kifo chake panya walifungua kopo. Zilibaki tisa. Zikaota tano, mmoja dume. Orrin alichukua chavua, lile vumbi la dume, kwa brashi ya rangi, akaipaka kwenye tawi moja tu la mmea mkubwa, akalifunga uzi mwekundu. Tawi hilo moja ndilo lililobeba mbegu. Lilikuwa limening'inia ghalani mwisho kabisa, mahali penye giza, pamoja na ile mimea minne ya kike, siku ya kumi leo ya kukauka. Mbegu zile zikipotea, basi, hakuna pengine duniani zilipo.

Alikuja milimani hapa kaskazini mwa California akiwa na miaka ishirini na mbili, na shoka na gunia la maharagwe. Alifundishwa kukausha na mzee wa Kireno aliyekuwa amekausha tumbaku na samaki, na mzee yule hakufundisha kwa maneno mengi. Ukikosea alikupiga kofi. Mmea unatundikwa mzima, kichwa chini, na majani yake. Madirisha yanazibwa magunia. Mlango unafunguliwa alfajiri, ukungu uingie kidogo, kisha unafungwa. Hakuna jiko, hakuna feni ya kuelekezwa kwenye maua. Siku kumi na nne, wakati mwingine kumi na sita, mpaka kijiti kikikunjwa kivunjike. Ndipo maua yanaingia kwenye chupa za kioo, robo ya chupa ikiachwa wazi, na kila siku unafungua, unanusa, unafunga. Wiki ya kwanza inanuka majani yaliyokatwa. Ya pili haina harufu kabisa, na hapo wajinga hukata tamaa. Halafu harufu yake inarudi, polepole, ikiwa nene kuliko ilivyokuwa shambani. Miezi miwili. Ukiivuta haikukwaruzi koo.

Siku hizi wanakausha kwa mashine, siku tatu, joto la kuokea mkate. Wanaifungia kwenye mifuko yenye picha ya simba aliyevaa miwani, na ukiifungua unanusa chakula cha ng'ombe. Vijana wanainunua, wanakohoa, wanasema ni kali. Hawajui kwamba wanavuta nyasi kavu. Sheria iliporuhusu bangi, wenye fedha walijenga mabanda ya plastiki bondeni marefu kama viwanja vya ndege, na wale wa mlimani waliuza mashamba mmoja baada ya mwingine, au walijipiga risasi, kama Hollis wa ng'ambo ya kijito.

Usidhani zamani palikuwa na amani. Helikopta za serikali zilikuja kila Agosti. Watu wenye mapanga walishuka kwa kamba, wakakata kila kitu, wakampiga risasi mbwa aliyefungwa mnyororo, wakamburuta Marlys kwa nywele kutoka bafuni hadi uani akiwa na sabuni mwilini. Wezi nao walikuwapo. Lakini mwizi wa wakati ule alikuwa mgeni, na jirani alikuwa jirani.

"Zimo humu humu," mnene alisema, akaupiga mlango teke. Mwanga ukaingia, na upepo ukaufuata. Kwa Orrin huo upepo uliuma kuliko kidole.

Walimburuta ndani kwa kola, wakampigisha magoti chini ya miti ya kutundikia. Mimea ilikuwa imelala kimya hewani, majani yamejikunja, rangi yake kijani inayoelekea kahawia. Mnene alianza mwisho kabisa, kwenye giza. Aling'oa tawi la uzi mwekundu kwanza, pamoja na uzi wake, akalikandamiza kwenye mfuko mweusi wa takataka kwa goti, kisha akaanza kushindilia mengine juu yake.

"Lile liache," Orrin alisema. Damu ilimchuruzika kidevuni. "Chukua mengine yote. Lile lina mbegu, halina faida kwako. Mnunuzi akikuta mbegu anakurudishia."

"Sikia huyu. Sasa ananifundisha biashara." Mnene alimpiga teke la mbavu, na kitu ndani kikalia. "Mfuko wa kwanza umejaa. Wewe, acha kushangaa, fanya kazi."

Alikuwa anamwambia mwenzake. Yule mwembamba alisogea kwenye mmea wa karibu. Hakuung'oa. Alichagua kijiti kidogo katikati ya shina, akakileta mpaka kwenye sikio la kushoto, akafumba macho, akaanza kukikunja taratibu.

Orrin aliinua kichwa, akamtazama.

Kuna watu wanaokunja kijiti na kukitazama. Wengine wanakibana kwa kucha. Kukipeleka sikioni, macho yakiwa yamefumbwa, ulikuwa mtindo wa nyumba moja. Marlys ndiye aliyeuanzisha, akisema macho yanadanganywa na mwanga, lakini kijiti kilichoiva kinasema neno. Waliokuwa wakifanya hivyo duniani ni watatu. Mmoja yuko kaburini, mmoja amepiga magoti hapa, na wa tatu ni Kip, mtoto wa dada yake Marlys, aliyelelewa na kupogoa maua katika ghala hili hili majira kumi na tano, kisha akashuka bondeni kwenye mabanda ya plastiki, na baada ya hapo hakusikika. Sasa alikuwa na miaka arobaini, na kofia ya sufu usoni.

Kijiti kilikunjika bila sauti. Kip alikiachia. Hata hivyo akakata shina, akachukua mfuko mweusi, akaanza kusukumia maua ndani.

Orrin alijua nini cha kufanya. Alitakiwa kunyamaza. Mtu aliyefunikwa uso hukuacha hai kwa sababu hujamjua, hilo kila mtu wa mlimani analijua. Lakini alitazama mikono ile, mikono aliyoifundisha mwenyewe, ikishindilia maua mabichi kwenye plastiki, na mdomo wake ukafunguka kama ulivyokuwa ukifunguka miaka yote.

"Siku nne bado, Kip. Ukiyaziba hivyo yataoza kabla ya Jumapili."

Kip alisimama na mfuko mkononi.

"Amekutaja jina," mnene alisema.

"Nimesikia."

"Ulisema hatakujua. Ulisema mzee macho hayaoni."

"Hayaoni kweli."

"Basi amekunusa. Mmalize, twende."

"Twende tu. Huyu haendi kwa askari. Hawa wa huku hawasemi na askari, hata uwachome moto."

"Kip, una bastola kiunoni. Ama wewe, ama mimi."

Kip hakuishika bastola. "Mimi simuui Anko Del."

Del lilikuwa jina la utani la Orrin, ambalo ni Marlys na Kip peke yao waliolitumia. Mnene alicheka kwa pua. "Anko," alisema, akainua bunduki. Kip aliruka, akaukamata mtutu, akaukandamiza chini kwa mikono miwili. Bunduki ikalia. Ndani ya ghala lililofungwa kwa magunia mlio ule ulikuwa kama ukuta umeanguka. Marisau yote yaliingia pajani mwa Kip, juu kidogo ya goti, na mguu ukamgeukia upande ambao miguu haigeukii.

Mnene aliivuta bunduki, akaikoki tena. Orrin alikuwa amesimama. Hakujua aliinuka vipi. Alishika mti mmoja wa kutundikia, mti wa msonobari mrefu kama mtu na nusu, akaung'oa kwenye misumari na mmea mzima ukiwa bado unaning'inia juu yake, akauteremsha kwenye kiwiko cha mnene. Mfupa ulitoka nje ya ngozi. Bunduki ilianguka. Alimpiga tena shingoni, na tena mgongoni alipokuwa akitambaa, na tena, na maua ya Marlys yakapasuka na kuruka kila upande, yakinata kwenye damu. Angeendelea. Kilichomzuia ni kwamba mti ulivunjika.

Mnene alitoka mlangoni mbio za kuyumba, mkono mmoja umening'inia, na mfuko wa kwanza ameukumbatia kwa mkono mzima. Akautupa nyuma ya pikapu yake, akawasha gari.

Orrin alikuwa na bunduki ya marisau mkononi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kioo cha nyuma cha pikapu zilikuwa hatua ishirini. Angeweza hata kumkatia njia kwa gari lake, kwa njia ya juu ya kisimani, kabla hajafika getini.

"Anko," Kip alisema nyuma yake. Sauti haikuwa ya kuomba. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kama kuna mtu.

Orrin aligeuka. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo, si kwa kutiririka. Akaitupa bunduki, akavua mkanda, akaufunga juu ya jeraha, akakaza kwa kipande cha mti uliovunjika mpaka Kip akatapika. Kisha akamburuta kwa makwapa hadi kwenye gari, kidole kilichovunjika kikigonga kila kitu.

Barabara ya vumbi ilikuwa maili nane hadi kwenye lami, na lami maili kumi na tano hadi hospitali. Kwenye kona ya tatu waliikuta pikapu ya mnene imeingia mtaroni, pua imekumbatia mti. Mtu wa mkono mmoja hawezi kona ile. Mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni, kofia amevua, uso mwekundu kama wa mtu yeyote. Alipowaona alipunga mkono wa kuomba msaada. Na nyuma ya pikapu mfuko mweusi ulikuwa wazi juu, shina moja limechomoza.

Kusimama, kushuka, kuchukua, kurudi. Dakika mbili. Labda tatu, kwa mbavu zile.

"Simama uchukue," Kip alisema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Ndiyo ile ya mbegu. Nimeona uzi. Simama, Anko."

"Funga mdomo, kaza hicho kijiti cha mkanda."

"Hutaipata tena."

"Nimekwambia kaza."

Hakupunguza hata mwendo. Kwenye kioo cha pembeni aliuona mfuko ukiwa mdogo, kisha kona ikaufunika.

Kip aliishi. Mguu waliuondoa juu ya goti, na mnene askari walimkuta palepale mtaroni na mfuko wake. Askari wa kaunti alipokuja na daftari, Orrin alimwambia kwamba Kip alikuja kumsaidia kutundika, na wezi walikuwa wawili, mmoja amekimbia porini. Ni mara ya kwanza katika maisha yake kusema na askari zaidi ya sentensi moja, na zote zilikuwa za uongo. Aliomba jambo moja tu: ndani ya mfuko mmoja kuna tawi lenye uzi mwekundu, apewe hilo. Askari, mtu mwema, alimweleza kwamba ni ushahidi, na ushahidi unafungwa. Orrin alimwomba basi awaambie waufungue mdomo wa mfuko, uingie hewa, hata kidogo. Askari aliandika kitu. Baada ya wiki tatu Orrin alikwenda kuuliza, wakamwambia vitu vile vimeota ukungu mweupe kila mahali, mbegu na yote, vimechomwa kwa ajili ya afya ya watumishi.

Kutoka hapo alipita hospitali. Kip alikuwa amekaa kitandani, blanketi limelala bapa upande mmoja.

"Nauliza kitu kimoja," Kip alisema. "Ulijua ni mimi. Ungenyamaza tungeondoka, wewe ungekuwa na meno mawili pungufu tu. Kwa nini ulisema?"

Orrin hakutaka kumdanganya.

"Ulikuwa unayaharibu," alisema.

"Nilikuwa nayaiba, Anko."

"Kuiba ni jambo lako. Ulikijaribu kijiti, ukasikia hakijaiva, ukaendelea. Hilo sikukufundisha."

Kip alilinyoosha blanketi upande ule uliolala bapa. "Nikitoka hapa sina pa kwenda."

"Nimewadanganya askari kwa ajili ya Marlys. Deni langu kwake limekwisha. Mlimani usije."

Alivaa kofia, akatoka, akaendesha gari maili ishirini na tatu hadi nyumbani. Mwaka uliofuata, pale bustanini, alipanda viazi.