Siku Tuliyosuka Nywele Bila Bango

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia kichwani naacha ninachofanya. Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Durban, kwenye ukumbi mmoja kule Point, na mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa maneno, najiona nina akili kuliko wakubwa wangu. Nakusimulia kwa sababu juzi umechaguliwa kuongoza chama chetu, na jana ulinipigia simu kuniuliza kama mliondoe jina la chama kwenye tangazo la shughuli yenu ya mwezi ujao, ili watu wa kanisani na wenye maduka wasiogope kuja. Nilikwambia nitakujibu. Jibu langu ndilo hili, nalo ni refu, kwa hiyo nivumilie.

Wakati ule chama kilikuwa kidogo. Tulikuwa watu kumi na kitu: Wazulu, Wahindi wawili, na sisi wachache tuliotoka Kongo na Burundi. Walikuwemo wanaume wanaopenda wanaume, wanawake kama mimi wanaopenda wanawake, na wengine ambao tangu utoto waliitwa wavulana huku wenyewe wakijijua ni wasichana. Mara moja kwa mwaka tulitembea barabarani na wenzetu wa mji mzima siku ya Pride, siku ya fahari yetu, kwa ngoma na nguo za kila rangi. Watu waliiona siku hiyo moja tu. Zile nyingine hawakuziona: kuomba kibali, kutafuta ukumbi, kubishana nani atapika na nani ataosha sufuria, na ile nyumba ya Glenwood.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, kuukuu, vyumba vitatu. Vijana waliofukuzwa na wazazi wao walilala humo mpaka wapate pa kwenda. Paa lilivuja. Mvua ya Durban unaijua. Ikianza tulikuwa tunasukuma magodoro kutoka pembe hii kwenda pembe ile, tukicheka ili tusilie. Mwenye nyumba alituambia tukitaka paa jipya tulitafute wenyewe. Ndiyo maana tukapanga shughuli ya kuchangisha.

Kiongozi wetu alikuwa Ma Nomusa, mama wa Kizulu wa miaka sitini hivi, aliyeshona nguo kiwandani kule Jacobs mpaka macho yakachoka. Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwa na haraka na kitu chochote. Sisi wawili tulizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, lakini maneno yake nitakuwekea kwa lugha yetu.

Wazo la kusuka nywele lilikuwa langu. Nilikuwa nasuka kwenye saluni ya Mama Sifa, mama mmoja wa Bukavu aliyeheshimiwa Point nzima, kiongozi wa kwaya kanisani kwake. Nikaiambia kamati: tuwaombe wasusi kumi na wawili wasuke kutwa nzima ukumbini, kila anayesukwa achangie paa. Kamati ilipiga makofi. Kazi ya kuwaalika wasusi nikapewa mimi.

Sasa sikia nilivyofanya. Nilimwendea Mama Sifa nikamwambia, "Mama, iko vijana hawana pa kulala, mvua inawanyeshea. Tuwasaidie." Nikaishia hapo. Hakuuliza ni vijana gani. Alisema tu, "Vijana wa nani hawana pa kulala na sisi tuko na mikono?" Kesho yake alikuwa ameshawaambia wenzake wote.

Haikuwa uongo, mwanangu, na ndiyo maana ilinitoka mdomoni kirahisi hivyo. Nilisema nusu ya kweli, nikaiacha ile nusu nyingine nyumbani.

Jumamosi nilifika ukumbini mapema. Bango letu lilikuwa limeletwa jana yake na kutundikwa ukutani. Ma Nomusa alilishona kwa mkono, kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kiwandani, rangi sita, na jina la chama kwa herufi nyeupe ambazo mtu aliye upande wa pili wa barabara angezisoma. Nilipanda kiti, nikalitoa, nikalikunja vizuri, nikalitia kwenye sanduku chini ya meza ya chai. Vizuri kabisa nililikunja. Nilijiambia sijakosea kitu kwa sababu sikulikunja ovyo.

Wasusi wakaja, viti vikajaa. Wanafunzi walitoka chuoni, mama wa Kihindi akaleta mabinti zake watatu, na wenzangu wa chama wakawa wanapokea wateja na kugawa chai. Walipoona ukuta mtupu walinitazama, nami nikajifanya nina shughuli nyingi. Mama Sifa akaanza wimbo wa kwaya, na wale wasusi wengine wakaupokea bila kuinua macho kutoka kwenye nywele. Nakwambia, sauti zile zilijaza ukumbi mpaka watu waliokuwa wanapita nje wakasimama mlangoni. Nikajisifu moyoni. Nikasema, umeona? Mambo yanakwenda.

Ma Nomusa alifika karibu saa sita, kwa maana taksi yake ilikuwa imeharibika njiani. Alisimama, akatazama ukuta kwa muda, kisha akanitazama mimi. Alinishika kiwiko akanitoa nje, tukasimama karibu na robot, zile taa za kuongozea magari, magari yanapita.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna, Ma."

"Mbona basi jina letu limetolewa ukutani, kama nyumba yenye msiba?"

Nikamwambia, "Ma, hawa ni watu wa kanisa. Wakijua wataondoka. Na paa je?"

Alisogea karibu nami ili magari yasimeze sauti yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Hawa mama wametoa mikono yao tangu asubuhi, na hawajui wanampa nani. Huko ni kuwaibia, mntanami, mtoto wangu. Hilo la kwanza. La pili ni langu. Miaka yote ile kiwandani nilijiita mjane ili nisiulizwe maswali. Mwanamke niliyempenda alipokufa nilisimama nyuma kabisa kwenye mazishi, kama jirani. Nilishona bango lile ili nisisimame nyuma tena. Leo asubuhi umenirudisha."

Nimekaripiwa na watu wengi maishani, wengine kwa matusi, wengine kwa mkono. Hakuna karipio lililonipata kama lile. Nilitaka ardhi ya pale pembeni ya barabara inimeze.

"Ingia ukawaambie," akasema. "Mimi nitalitundika."

Ngoja nikuambie kweli ambayo sikumwambia hata yeye. Hofu yangu haikuwa ya paa. Nilikuwa najiogopea mimi. Mama Sifa ndiye aliyenipa kazi. Chumba nilichokaa kilikuwa cha shemasi wa kanisa lake. Nikifungua mdomo, huenda jioni ile ningekuwa sina kazi wala chumba, na mimi mwenyewe ningehamia Glenwood chini ya paa lile lile. Lakini Ma Nomusa alikuwa ameshaingia, na alikuwa anapanda kiti taratibu na magoti yake mabovu, na hakuna aliyekuwa amemshikia kiti. Nikaenda nikamshikia. Tukalitundika pamoja. Wimbo ukakatika.

Nikageuka nikawaambia. Sikumbuki maneno yote. Niliwaambia chama hiki ni cha nani, na vijana wanaonyeshewa na mvua ni vijana gani, na kwa nini walifukuzwa kwao. Niliwaambia niliwaficha ukweli, na kwamba kuwaficha lilikuwa kosa langu mimi, si la chama. Mwisho nikasema, "Na mimi pia ni mmoja wao."

Maji ya chai yakachemka, hakuna aliyeyaangalia.

Dada mmoja akaweka kitana chini, akachukua mkoba wake akatoka. Wa pili akamfuata, wa tatu, wa nne. Mteja mmoja akabaki na nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama, anatutazama kama mtoto aliyeachwa stendi. Mwenzetu mmoja wa chama, jamaa mrefu aliyejua kushona sketi lakini hajawahi kusuka nywele, alikwenda akamwambia, "Dada, nitajaribu." Akajaribu. Misuko yake ilikuwa mibaya sana, lakini yule dada alikaa mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa namtazama Mama Sifa. Hakuondoka. Wala hakuendelea kusuka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya nywele za mteja, na alikuwa analisoma lile bango, herufi moja moja, midomo inacheza. Kisha akaniita kwa mkono. Nilikwenda nikijua nafukuzwa kazi.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwenu kule, munakuwaka na kijana mmoja Fiston? Mrefu. Iko na kovu ya moto hapa kwa mukono. Mafuta ya mandazi ilimuunguza akiwa mudogo."

Nilikuwa nimefanya kazi kwa mama huyu miaka miwili. Watu wote tulimwita kwa jina la binti yake mkubwa, na hakuna siku aliyowahi kusema ana mtoto mwingine. Na Fiston nilimjua. Alikuwa anakaa Glenwood. Alikuwa anatukaangia mandazi kila Jumapili. Katika nyumba ile hatukuulizana mambo ya nyuma, na yeye hakuyasema.

"Ni mutoto yangu," Mama Sifa akasema. "Baba yake alitoa sac yake ya manguo inje. Mi nilikuwa pale. Sikusema kitu. Nilinyamaza tu. Sasa ni mwaka ya tatu. Nilimutafuta hospitali zote. Mpaka kule wanawekaka wafu niliingia, nikafunguliwa nyuso za watoto za watu."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nimwambie. Ma Nomusa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinibana mkono. Hakujua Kiswahili, lakini jina la Fiston alilisikia, na uso wa yule mama aliusoma. Akaniambia nitafsiri: "Mwambie hatutaji mtu bila ruhusa yake. Lakini mwambie asubiri. Kuna mahali naweza kuuliza."

Akatoka nje na simu. Fiston alikuwa kazini Jacobs, kiwanda cha rangi, saa yake ya kula. Nilisimama mlangoni nikimwona Ma Nomusa anasikiliza, anasikiliza sana, anasema maneno machache, anasikiliza tena. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha mteja, mbele ya Mama Sifa, akamshika mikono yote miwili iliyojaa mafuta ya nywele.

"Yupo," akasema. "Ni mzima. Leo hawezi kukuona, moyo wake haujawa tayari. Ameniambia nikwambie kwamba anakula vizuri."

Nikatafsiri. Nilidhani Mama Sifa atasikitika kwamba mtoto amekataa kuja. Mwanangu, nimeona watu wakipokea mambo makubwa, lakini sijamwona mtu akipokea kitu kama mama yule alivyopokea maneno yale mawili. "Anakula vizuri," akarudia. "Iko nakula muzuri." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. Kisha, huwezi kuamini, akarudisha vidole kwenye nywele za mteja wake na kuendelea pale pale alipoachia. Akauanza ule wimbo tena, peke yake. Wa kwanza kumpokea alikuwa mmoja wa wenzake saba waliobaki, halafu wote. Ma Nomusa hakuujua wimbo, akaupigia makofi. Nilisimama katikati ya ukumbi na sikujua niiweke wapi mikono yangu. Nilikuwa naona kitu ambacho si mimi niliyekipanga, na ambacho kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimekizuia asubuhi nzima.

Fikiria hilo. Kutoka asubuhi mpaka saa sita mama yule alikaa hatua kumi kutoka kwa watu wanaomjua mtoto wake, akiimba, asijue. Kilichomtenga na habari za mtoto wake ni kitambaa nilichokikunja nikakificha kwenye sanduku.

Paa tulilipata, ingawa ilitubidi kufanya shughuli nyingine mbili. Kazi sikufukuzwa, chumba nilifukuzwa, na miezi mitano nililala Glenwood. Mama Sifa alikuja kusuka mwaka uliofuata, akajitafutia kiti chini ya bango kabisa. Mwaka wa tatu, mchana, Fiston aliingia akiwa na nguo za kazi, rangi kwenye viatu. Hakuwa na nywele za kusuka, kichwa amenyoa. Alikaa kwenye kiti cha mama yake hivyo hivyo. Mama akamwekea mikono kichwani, na ukumbi mzima tukageuka kutazama upande mwingine ili tuwaachie nafasi.

Sasa jibu lako. Weka jina la chama kwenye tangazo, juu, kwa herufi kubwa. Anayekusaidia mwambie anamsaidia nani, kabla hajanyanyua mkono. Watakaoondoka waache waondoke kwa amani, usiwatukane. Wawili kati ya wale wanne walirudi baadaye, na sikuwauliza kwa nini. Kama watu watakuwa wachache, pika kidogo. Lakini usichanganye jina la chama na jina la mtu. La chama ni la kutundikwa. La mtu ni lake, hata mama yake akililia mbele yako, mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Na wewe usijipime kwa wingi wa viti vilivyojaa. Hujui ni nani, kati ya waliokaa, anayelitafuta jina lenu na hajathubutu kuuliza.

Nami nakuombea, mwanangu. Mungu akupe ulimi usiotetemeka na moyo usiokuwa mgumu. Akupe wenzako watakaokuambia ukweli wakiwa wamekushika mkono. Upendwe mchana kweupe, na uzeeke katikati ya watu wanaokujua wewe ni nani. Amina.